Kidonge cha tezi na mifupa ya mama zetu waliokoma hedhi: msiache dawa, daini kipimo cha TSH

MuuguziKadutu (Bukavu)

Wamama, wadada, na ninyi wababa mnaowanunulia mama zenu dawa, nisomeni kwa utulivu.

Kuna sauti inayozunguka WhatsApp hapa Bukavu, na nasikia imefika Goma na Uvira. Mwanamke anasema kidonge cha tezi ya shingo kinakula mifupa, na kwamba aliyekwisha koma hedhi akiendelea kukimeza atavunjika nyonga. Matokeo ya sauti hiyo nayaona kazini. Wamama waliopasuliwa rovu, ambao hawana tena tezi ya kuwatengenezea homoni, wameacha dawa. Wanakuja uso umevimba, sauti imekuwa nzito, wanasikia baridi jua likiwaka, choo kigumu, moyo unapiga polepole. Mtu asiye na tezi akiacha levotiroksini (ndiyo dawa iliyo ndani ya hicho kidonge cha tezi) hafi kesho yake, na hapo ndipo penye hatari: anadhani yuko salama, huku mwili unazidi kulala, na mwisho anaweza kupoteza fahamu na asiamke.

Ila sitawaambia kwamba sauti ile ni uongo mtupu. Ina ukweli uliokatwa nusu. Homoni ya tezi ikizidi inapunguza mifupa, na anayeumia kuliko wote ni mwanamke aliyekoma hedhi. Neno ni hilo, IKIZIDI. Yule mama wa WhatsApp hakulisema.

Mfupa ni kitu hai. Ndani yake kuna chembe zinazobomoa sehemu iliyochakaa na nyingine zinazojenga upya, kama mafundi wawili kwenye nyumba moja. Zamu moja ya kubomoa na kujenga inachukua kama miezi sita. Homoni ya tezi ikijaa damuni, zamu inafupika: mbomoaji anaharakishwa, mjenzi hamalizi kazi, na kila zamu inaacha pengo dogo. Mwanamke kijana ana estrojeni, homoni ya kike, ya kumzuia mbomoaji. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, na katika miaka ya kwanza mwanamke anaweza kupoteza karibu asilimia 2 ya mfupa wa uti wa mgongo kila mwaka, hata kama hamezi kidonge chochote. Sasa weka juu yake homoni ya tezi iliyozidi.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1891 Mjerumani Friedrich von Recklinghausen alieleza mifupa ya mwanamke aliyekufa na tezi iliyozidi nguvu, akasema ilikuwa kama imetobolewa na wadudu. Mwaka uleule, huko Uingereza, daktari George Murray alimchoma sindano ya maji ya tezi ya kondoo mwanamke wa miaka 46 ambaye tezi yake ilikuwa imekufa. Mama huyo aliendelea na matibabu na akaishi miaka mingine 28. Homoni ni ileile. Mmoja ilimzidi, mwingine ilimkosa.

Takwimu zinasema nini? Marekani waliwafuatilia wanawake waliozidi miaka 65, na matokeo yalitoka mwaka 2001: wale ambao TSH yao (kipimo cha damu cha amri ambayo ubongo unaipa tezi; ikiwa chini, homoni imezidi) ilikuwa 0.1 au chini yake walivunjika nyonga mara tatu zaidi, na pingili za mgongo mara nne zaidi, kuliko wenye TSH ya kawaida. Mwaka 2015 zikakusanywa tafiti 13 zenye watu zaidi ya 70,000: TSH chini ya 0.10, hatari ya nyonga ilipanda kwa kama asilimia 60. Na Ontario, Kanada, mwaka 2011, waliangalia wazee wa miaka 70 na zaidi wanaomeza levotiroksini. Waliomeza dozi kubwa walivunjika zaidi kuliko waliomeza dozi ndogo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: dozi ya mama ilipangwa lini, na TSH yake ya mwisho ni ngapi? Hapa kwetu mama anapasuliwa akiwa na miaka 40 na kilo 75, anaandikiwa mikrogramu 125. Leo ana miaka 68 na kilo 55, na bado anameza 125 kwa sababu karatasi ya zamani ndiyo anayoionyesha famasi. Mtu asiye na tezi kabisa anahitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Piga hesabu: kwa kilo 55 inatoka kama 88, na mwili wa mzee mara nyingi unahitaji pungufu ya hapo. Hakuna aliyemdhuru kwa makusudi. Hakuna aliyemwita kupima, basi.

Ulizeni hapa, nitajibu ninayoyajua.

---

BintiWaNguba

Dada Muuguzi, aksanti. Mama yangu ana miaka 66, alitolewa tezi yote zamani kwa sababu ya rovu. Alikuwa anameza 150. Tulipima juzijuzi, TSH ikatoka 0.03. Tukaenda famasi moja, yule kijana akaangalia karatasi akasema TSH iko chini sana, maana yake homoni imepungua, aongeze. Sasa anameza 175. Halali usiku, moyo unakimbia, jasho linamtoka mpaka shuka inalowa, mikono inatetemeka akishika kikombe. Sisi tulidhani ni ile joto ya kukoma hedhi imerudi.

---

MuuguziKadutu

Binti, usingoje Jumatatu. Mpeleke kwa daktari leo au kesho asubuhi, ukiwa na karatasi ile ya labo na boksi la dawa mkononi.

Nawaomba wote msome hapa taratibu, kwa sababu kosa hili nakutana nalo kila mara. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ndiyo inayoiamuru tezi ya shingo kufanya kazi. Ubongo ukiona homoni haitoshi, unapandisha TSH. Ukiona homoni imejaa, unainyamazisha. Kwa hiyo TSH ikiwa JUU, homoni imepungua. TSH ikiwa CHINI, homoni imezidi. Kwa watu wazima wengi kawaida yake ni kati ya 0.4 na 4 hivi, na kwa mwenye zaidi ya miaka 70 hata 4 mpaka 6 inakubalika. Mama mwenye 0.03 kuongezewa dawa ni kumwagia mafuta kwenye moto.

Hayo unayoyataja, joto, jasho, kukosa usingizi, moyo kukimbia, ndiyo yanayowadanganya wengi. Yanafanana na dalili za kukoma hedhi kiasi kwamba mama mwenyewe hawezi kuyatofautisha, na daktari mwenye haraka pia hawezi. Ila mama wa miaka 66 ambaye joto lilikwisha kitambo na sasa limerudi na mikono inatetemeka, tafuta sababu nyingine kwanza.

Na moyo. Msifikirie mifupa peke yake. Utafiti wa Framingham uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watu wa miaka 60 na zaidi wenye TSH ya 0.1 au chini yake walipata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio mara tatu zaidi ndani ya miaka 10. Mapigo ya namna hiyo yanatengeneza mabonge ya damu, na bonge likipanda kichwani mtu anapooza upande. Omba wampime umeme wa moyo.

Daktari atamshusha. Atashuka hatua ngapi ni kazi yake, kulingana na moyo na uzito wa mama. Mkiwa nyumbani msimkatishe kabisa: mama hana tezi, akikosa dawa mtakuwa mmetoka upande mmoja wa shimo na kuingia upande wa pili. Dawa hii inakaa mwilini muda mrefu, baada ya siku 7 nusu yake bado imo. Ndiyo maana mabadiliko ya dozi hayaonekani haraka, na TSH inapimwa tena baada ya wiki 6 mpaka 8. Ukipima baada ya wiki mbili umepoteza feza.

---

Lushois_Kenya

Miye niko Lubumbashi, commune Kenya. Naona munawatisha wamama bure. Hizi vidonge za wazungu zinaingia mwilini na hazitoki. Jirani yetu alikuwa na rovu, alikunywa maji ya mbegu za avoka na majani ya moringa, rovu likapungua. Mbona wasiache vidonge wakae na dawa zetu?

---

MuuguziKadutu

Ndugu wa Lubumbashi, karibu. Moringa ni mboga nzuri, ina kalisi, kula. Lakini hakuna jani linalotengeneza homoni ya tezi. Mama aliyetolewa tezi anahitaji homoni ileile ambayo mwili wake ungeitengeneza, na levotiroksini ndiyo hiyo, molekuli ileile. Edward Kendall aliitenga mwaka 1914, na Waingereza wakafahamu jinsi ya kuitengeneza maabara mwaka 1927. Haikai mwilini milele, ndiyo maana inamezwa kila siku.

Rovu la jirani yenu kupungua, namshukuru Mungu naye. Lakini rovu dogo na tezi inayofanya kazi vizuri ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa na rovu kubwa na homoni ya kawaida. Mwingine shingo yake ni laini kabisa na homoni imekwisha. Shingo kwa macho haikuambii TSH.

---

MtuWaLabo_Bkv

Niongeze ya upande wetu wa labo, kwa sababu wamama wanalipa feza nyingi kwa kipimo halafu majibu yanakuja yamepotoka.

Kama unameza vitamini za nywele na kucha, angalia boksi. Zikiwa na biotini, ziache angalau siku mbili kabla ya kupima. Kwenye mashine nyingi biotini inaifanya TSH ionekane chini na T4, yaani homoni yenyewe ya tezi, ionekane juu, na mtu mwenye afya kabisa anaonekana kama homoni imemzidi.

Pima labo ileile kila mara ukiweza, na saa zilezile. TSH inapanda usiku na kushuka mchana.

Pia msilinganishe namba bila kuangalia kipimo kilichoandikwa kando yake, na viwango vya kawaida vya labo hiyo. Nimeona mtu analia kwa sababu alilinganisha karatasi yake na ya dada yake ya Kampala.

---

Dada_Bruxelles

Nawasalimu kutoka Ubelgiji. Ile sauti nadhani najua ilikotoka. Mwishoni mwa mwaka 2024 habari zilitoka kwenye mkutano mkubwa wa madaktari wa picha huko Chicago. Walisema hata wazee wenye TSH ya kawaida wanaomeza levotiroksini wanapoteza mfupa. Hapa magazeti yaliandika kwa herufi kubwa. Muuguzi, hii inapingana na unachosema?

---

MuuguziKadutu

Swali zuri, dada, na sitalikwepa.

Ni watafiti wa Johns Hopkins, kwa takwimu za mradi wa Baltimore unaowafuatilia watu wanavyozeeka. Walichukua watu 81 wanaomeza levotiroksini na 364 wasioimeza, wote wa miaka 65 na zaidi na wote TSH yao ya kawaida, wakawafuatilia kama miaka 6. Wanaomeza dawa walipoteza wingi na uzani wa mfupa zaidi kidogo. Hayo ndiyo waliyoyaona, na nayachukulia kwa uzito.

Lakini wamama wajue mambo mawili. La kwanza, walipima wingi wa mfupa tu. Hawakuhesabu mifupa iliyovunjika. La pili, na ndilo lenye maana kwetu, mtafiti mwenyewe hakumwambia mgonjwa yeyote aache. Swali lililoinuliwa ni kama kila anayepewa dawa hii kweli anaihitaji. Marekani na Ulaya mamilioni wanaimeza kwa sababu TSH ilitoka 5 au 6 siku moja, bila ugonjwa wa wazi. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa wa Ulaya, watu 737 wa miaka 65 na zaidi wenye TSH iliyopanda kidogo huku T4 ikiwa ya kawaida. Nusu walipewa levotiroksini, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwaka mmoja uchovu wao ulikuwa sawasawa. Dawa haikuwasaidia.

Basi kuna mama wa aina mbili, na sauti ya WhatsApp imewafunga kamba moja. Yupo aliyetolewa tezi, au tezi yake imekufa, TSH yake bila dawa inapanda mpaka 40, 80. Huyo kidonge ni chakula chake, kazi yetu ni kukipima kisizidi. Na yupo aliyeandikiwa miaka iliyopita kwa sababu alichoka na TSH ilikuwa 5.8. Huyo ana haki ya kumwuliza daktari: "Je, bado naihitaji?" Wengine wakipunguziwa polepole na kupimwa tena, TSH inakaa sawa bila dawa. Lakini hiyo inafanywa na daktari na labo. Haifanywi na simu.

---

MwanaIdjwi

Mimi wa Idjwi kaskazini. Kwetu rovu ni jambo la zamani, bibi zetu wengi walikuwa nalo. Mama yangu ana miaka 70, rovu lake lina mafundo, hajawahi kumeza kidonge chochote cha tezi. Lakini amekonda sana ingawa anakula, na mwaka huu aliteleza njiani akavunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka kidogo tu. Kuna mtu ametushauri tumpe levotiroksini ili rovu lipungue.

---

MuuguziKadutu

Ndugu yangu, msimpe. Tafadhali msimpe kabla ya kupima.

Idjwi ina historia yake kwenye vitabu vya dunia. Miaka ya 1960 watafiti Wabelgiji, kwa ushirikiano na kituo cha utafiti cha Lwiro, walikaa kisiwani wakaona kwamba rovu limejaa kaskazini kuliko kusini-magharibi, wakati upungufu wa madini joto ulikuwa pande zote. Tofauti ilikuwa kwenye muhogo: sumu yake isipotoka vizuri, mwili unaigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kupata madini joto hayo machache yaliyopo. Ni kazi iliyofunza ulimwengu, na ilifanyika kwenye miili ya bibi zetu.

Kisha ikaja chumvi yenye madini joto, na ni jambo jema, endeleeni kuitumia. Lakini tezi iliyoteseka miaka mingi na kuota mafundo, baadhi ya mafundo yamezoea kufanya kazi bila kungoja amri ya ubongo. Yakipata madini joto ya kutosha yanatengeneza homoni bila mpaka. Hili liliandikwa kuhusu Kivu yetu hii katika jarida la Lancet mwaka 1996. Kwa hiyo mama mwenye rovu la mafundo, aliyekonda huku anakula, na kuvunjika kwa kuanguka kidogo, wa kwanza kufikiriwa ni homoni iliyozidi, ingawa hajawahi kuona kidonge. Ukimwongezea levotiroksini unamzidishia ugonjwa. Ile desturi ya zamani ya kupunguza rovu kwa kidonge imeachwa kwa sababu kama hii.

Avuke aje Bukavu apimwe TSH na T4. Ikithibitika, kuna dawa za kupunguza nguvu ya tezi na kuna upasuaji. Na mwambie daktari wazi kuhusu ule mkono. Mwanamke wa miaka 70 anayevunjika kwa kuanguka akiwa amesimama tu, mifupa yake imekwisha kutoa ushahidi, hata kama mashine ya kupima uzani wa mfupa haipo karibu.

---

PapaKavumu

Mke wangu alikuwa na kansa ya tezi, alipasuliwa. Daktari wake anaiweka TSH chini kwa makusudi, 0.08. Nikisoma hapa moyo unanidunda. Tupunguze?

---

MuuguziKadutu

Hapana, papa. Msipunguze kwa sababu ya maneno yangu. Baadhi ya kansa za tezi zinalishwa na TSH, ndiyo maana daktari anaishusha kwa makusudi. Hapo anapima hatari mbili na kuchagua iliyo ndogo.

Lakini swali moja ulipeleke kwake: je, bado anahitaji kuwa chini hivyo? Kansa iliyokuwa na hatari ndogo na haijarudi, madaktari wengi sasa wanairuhusu TSH ipande, kati ya 0.5 na 2. Yenye hatari kubwa wanaiacha chini ya 0.1 kwa muda mrefu zaidi. Akisema bado, basi mke wako alindwe mifupa mapema: kalisi, vitamini D, na dawa ya mifupa ikihitajika.

---

MamaFuraha_Bagira

Mimi nameza yangu kila asubuhi pamoja na uji wa masoso, ili tumbo lisiume. Saa hiyohiyo nameza kalisi niliyoandikiwa kwa ajili ya mifupa. Je, ni vizuri? Na sombe (majani ya muhogo) niache?

---

MuuguziKadutu

Mama Furaha, umefanya vizuri kuuliza, maana hapo ndipo dozi zinapoharibika kimyakimya.

Kidonge cha tezi kinataka tumbo tupu na maji matupu. Ngoja dakika 30, ikiwezekana saa nzima, ndipo unywe uji au kahawa. Masoso ina soya ndani, na soya inaizuia dawa kuingia damuni. Kalisi inaizuia zaidi, na vidonge vya damu vyenye chuma vilevile: hivyo viweke mbali kwa saa 4. Meza tezi alfajiri, kalisi mchana na chakula.

Kwa nini nalikazia? Mama anameza 100 pamoja na kalisi na uji, nusu inapotea. TSH inapanda, daktari anaongeza mpaka 150. Kisha kalisi inaisha, feza hazipo, hanunui tena. Sasa 150 yote inaingia. Mifupa na moyo vinaumia, na hakuna aliyebadilisha dozi. Ni kalisi iliyokatika tu. Jambo hilohilo kwa omeprazoli ya tumbo, ukianza au ukiacha mwambie daktari.

Sombe kula, mama. Mwenye tezi iliyokwisha kutolewa, muhogo hauna cha kumzuia tena. Kwa wengine, muhogo uliolowekwa vizuri na sombe iliyotwangwa na kupikwa sana, pamoja na chumvi yenye madini joto, haina shida.

Na kwa mifupa, mwanamke aliyezidi miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalisi kwa siku, chakula na kidonge vikijumlishwa. Tunayo ziwani: sambaza anayeliwa mzimamzima na mifupa yake. Lengalenga, maziwa, mashanza, jibini ya Masisi kwa anayeweza kuinunua. Mwenye kula hivyo vizuri huenda asihitaji kidonge kikubwa cha kalisi.

Nina jambo jingine na nitalisema kwa sauti. Dexa! Wadada wanameza deksametazoni ili wanenepe, wanauziwa chembe kwa chembe bila karatasi, na wamama zao wanaiga. Deksametazoni inakula mifupa kuliko kidonge chochote tulichokitaja leo. Wengine nao wanameza levotiroksini bila ugonjwa wowote ili wakonde. Mama aliyekoma hedhi anayefanya moja kati ya hayo, tafadhali azungumze na muuguzi kabla ya kuacha, kwa sababu dexa ya muda mrefu nayo haikatwi ghafla.

---

Dada_Bruxelles

Na sisi wa nje tunaotuma dawa tusikie: angalieni namba kwenye boksi. Nilituma 125 badala ya 25 mkononi mwa msafiri, bahati shangazi akauliza kabla ya kumeza. Wengine wanaandika 0.1 mg, wengine mikrogramu 100, ni kitu kimoja.

---

MuuguziKadutu

Asante kwa hilo. Ongezeni: mkibadilisha kampuni ya dawa, mama apime TSH baada ya wiki 6 mpaka 8 hata kama namba ni ileile.

---

Mwalimu_Panzi

Mama mkwe wangu amevunjika pingili ya mgongo, amepewa alendroneti, dawa ya mifupa, ya mara moja kwa wiki. Karatasi inasema tumbo tupu. Na kidonge cha tezi pia tumbo tupu. Anauliza aanze na kipi.

---

MuuguziKadutu

Siku ya alendroneti aanze nayo, na glasi kubwa ya maji, akae wima au asimame. Asilale kitandani kwa dakika 30, maana inachoma koo. Baada ya hizo dakika 30 ameze cha tezi, angoje tena dakika 30 mpaka saa moja, ndipo ale. Siku nyingine zote anameza cha tezi kama kawaida.

Akiona asubuhi hiyo ni ndefu mno kwa mzee, aombe daktari kidonge cha tezi kihamie usiku, masaa matatu yakipita baada ya chakula cha jioni, kila siku. Kinachotakiwa ni utaratibu mmoja usiobadilika. Na kama mgongo umevunjika, nyumba nayo iangaliwe: taa njiani kuelekea choo, viatu visivyoteleza. Kwenye milima yetu na tope la mvua, kuzuia kuanguka ni nusu ya dawa.

---

BintiWaNguba

Nimerudi. Tulimwona daktari. Umeme wa moyo ulikuwa na mapigo ya haraka lakini yenye mpangilio. Amemrudisha mpaka 125 kwa sasa, amesema labda atashuka tena, na tupime baada ya wiki 6. Mama amelala usiku kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ameniuliza: siku ya kwenda labo, ameze kidonge kwanza au la?

---

MtuWaLabo_Bkv

Aje kwanza achomwe, kidonge akibebe mfukoni. Akimaliza kutolewa damu ameze palepale na maji. Akimeza kabla, T4 inaonekana juu kuliko ilivyo. Na mwambie aje na karatasi ya zamani ile ya 0.03, daktari aone zote mbili pamoja.